Homa Isiyopanda Jumamosi

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkoba kwapani, akitazama sindano ya cherehani ikipanda na kushuka juu ya sweta la kijani. Jogoo, nembo ya shule yake, alikuwa anazaliwa kuanzia chini: kucha kwanza, halafu mapaja, halafu mkia. Mama Nembo, aliyebatizwa jina hilo na mtaa mzima kwa kazi yake ya kutarizi nembo, alikuwa anaomba kimoyomoyo. Sindano ilipofika shingoni mwa jogoo, kompyuta iliyokuwa mezani ikafanya puu! ikazimika. Cherehani nayo ikasimama pale pale, maana ilikuwa ya zamani na haikuwa na akili yake. Kila mshono ililetewa na kompyuta kwa njia ya waya.

"Ndiyo imemaliza?" akauliza mwalimu mkuu.

"Bado kidogo, mwalimu."

"Mbona jogoo hana kichwa?"

Mama Nembo akajifanya anatafuta mkasi. Angejibu nini? Mashine ile ikikatishwa haikumbuki ilipoishia. Ukiiwasha upya inaanza tena kwenye kucha, na ukisema ufumue, nyuzi zimeshindiliwa kiasi kwamba sweta linabaki na matundu kama limeliwa na panya. Chini ya meza palikuwa na kikapu cha majogoo wasio na vichwa, na mwalimu mkuu alikuwa ameshakiona, ingawa kilifunikwa gazeti.

"Sikiliza, mama," akasema, na kwa kweli hakusema kwa ubaya. "Kazi yako naipenda. Lakini shule inafunguliwa Jumatatu, na wazazi watanitafuna mzima mzima. Nitakuja Jumapili jioni. Nikikuta hazijakamilika nazipeleka kiwandani, na nikishahamia huko, sirudi tena hapa."

Kazi ya shule ile ndiyo iliyoshikilia chumba kile cha mbele. Ikiondoka, cherehani ingeuzwa, na Mama Nembo angerudi kiwandani alikotoka, kwenye ile meza ndefu ambapo wanawake wanakata nyuzi zilizobaki kwenye nguo za watu, wakiomba ruhusa hata ya kwenda msalani. Alikuwa ameapa hatarudi. Mwalimu mkuu alipotoka, mwanamke yule alikaa akimtazama jogoo wake asiye na kichwa mpaka macho yakamjaa machozi.

"Imezimika tena?" sauti ikauliza kutoka chumba cha pili.

"Imezimika, mama."

"Maskini. Na nguo nzuri hivyo niliyoivalisha!"

Huyo ni mama mkwe wake. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto hadi alipostaafu, na jina la Bibi Sindano alitoka nalo huko huko. Kuna watu wazima wenye ndevu ambao hadi leo wakimwona njiani wanashika matako. Uzeeni akahamia kwenye sindano nyingine, ile ya kufuma, na kazi yake ya mwisho ilikuwa nguo ya kompyuta. Sitii chumvi: ilikuwa nguo kamili. Nyeupe, yenye maua ya buluu mbele, tundu la kitufe cha kuwashia, na mpasuo nyuma wa kupitishia nyaya, hivyo haikuhitaji kuvuliwa hata wakati wa kazi. Ndani aliitia bitana ya kitambaa cha blanketi ili vumbi lisipenye. Aliimaliza akiuma meno, maana vidole vilikuwa vimeanza kukataa kukunjika, na alipoikabidhi alisema, "Na mimi niwe nimechangia kitu katika kazi ya nyumba hii." Baada ya hapo hakuweza tena kushika sindano ya kufuma.

*

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mume wa Mama Nembo, Fundi Bomba, alisema ni umeme. Huyu ni mtu ambaye akisikia kikohozi anashuku bomba linavuja, lakini alibadilisha soketi, akavuta waya mpya, akajipigapiga mikono, na kompyuta ikazimika kabla hajarudisha bisibisi mfukoni.

Kulikuwa na jambo moja tu la kumfariji. Jumamosi, siku yake ya kupumzika, kompyuta haikuzimika hata mara moja. Jumatatu hadi Ijumaa ilianguka kila ilipojisikia. Jumamosi ilifanya kazi kutwa bila kukohoa.

"Inajua mwenye nyumba yupo," akasema Fundi Bomba, huku kifua kimemvimba. "Mashine inataka mwanamume wa kuitolea macho."

"Basi usiende kazini," mkewe akamjibu. "Kaa hapa uitolee macho wiki nzima, sisi tule macho yako."

Mama Nembo akaamua kuipeleka kwa fundi kompyuta. Aliivua ile nguo isije ikachafuka njiani, akaikunja vizuri, akaibeba kompyuta kifuani kama mgonjwa. Fundi akaiwasha mbele yake, akaiachia kazi nzito, na kompyuta ikakaa siku nzima pale dukani haina hata dalili. Wateja wengine wakaanza kumtazama Mama Nembo kwa ule mtazamo wa "mama, pumzika."

"Mimi naona nzima," akasema fundi. "Labda bodi inapata joto ikiwa kwenu. Kama ingekuwa na programu ninazozijua mimi ningekupimia. Lakini hii ina Linux, na Linux, mama, nisikudanganye, mimi siijui."

Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, aliwekewa na mpwa wake, baada ya virusi kutoka kwenye flashi za wateja kula michoro yake yote. Mpwa mwenyewe sasa yuko masomoni mbali, simu anapokea akitaka.

"Hiyo bodi ina kitu cha kupimia joto?" akauliza Mama Nembo.

"Vihisi vimo ndani, tena zaidi ya kimoja. Vinasoma muda wote. Kazi ni kuvifanya viseme."

Neno hilo akaondoka nalo. Njia nzima alilirudia: vinasoma muda wote, kazi ni kuvifanya viseme. Alijua anachokitafuta, na kwake hiyo ilikuwa nusu ya kazi.

*

Sasa hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mwanamke aliyeishia darasani pale alipoishia, Kiingereza chake cha kuungaunga, alikaa mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi meupe, simu mkononi ikiwa wazi kwenye mabaraza ya mtandaoni ya watu asiowajua, kila neno gumu akilitafutia maana kwenye kamusi. Aliandika amri moja, sensors. Kompyuta ikamjibu kwamba hakuna kihisi kilichopatikana.

"Muongo wewe," akaiambia. "Fundi amesema vimo."

Barazani mtu mmoja aliwahi kuuliza tatizo hilo hilo, na mwingine akamjibu kwamba ipo programu ya kuvitafuta, inaitwa sensors-detect. Mama Nembo akaiita. Ikaanza kumuuliza maswali, moja baada ya jingine: nitafute hapa? Nitafute na huku? Kila swali lilikuja na jibu lake tayari kwa herufi kubwa, YES, na yeye akibonyeza tu kitufe cha kukubali, kwa heshima zote, mpaka mwisho. Programu ikamwambia imeona kidude cha vihisi kwenye bodi, na ikamtajia dereva wake, yaani kile kijiprogramu kinachojua lugha ya kidude hicho. Akalibonyezea na swali la mwisho. Halafu akaizima kompyuta na kuiwasha tena kama alivyosoma, akaandika sensors.

Hakuna kihisi kilichopatikana.

Akarudia yote. Ikawa vile vile. Akarudia tena, akafokea hewa, akampigia mpwa ambaye hakupokea, akaenda kupika akaunguza chakula, akarudi. Fundi Bomba alipoingia na mabuti yake yenye tope akamkuta amejishika kichwa.

"Achana nayo, mama watoto. Hayo mambo yana wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Wenyewe tu."

"Basi leo niandike na mimi."

Safari hiyo hakubonyeza kwa heshima. Alisoma kila swali mpaka mwisho, kidole kikifuata maneno kwenye kioo. Na pale mwisho kabisa ndipo alipoona. Programu ilikuwa inamuuliza: nihifadhi nilichokipata, ili dereva awe anapakiwa kila unapowasha? Na jibu la tayari pale, peke yake kati ya yote, lilikuwa NO. Siku nzima kidude kilikuwa kinapatikana, na yeye mwenyewe, kwa adabu yake ya kuitikia kila anachoulizwa, alikuwa anasema kisahauliwe.

"Mjinga mimi!" akapiga kelele. "Mjinga wa kupigiwa mfano!" Lakini alikuwa anacheka. Akaandika yes kwa mkono wake, herufi kwa herufi, akawasha upya, akaiita amri yake. Skrini ikajaa namba.

"Mama! Baba watoto! Njooni, vinasema!"

Wakaja. Fundi Bomba akainama, akasoma mstari wa kwanza, akaruka nyuma. "Digrii mia moja ishirini na saba! Maji yenyewe yanachemka kwa mia! Kitoe nje hicho kitu kabla hakijatulipua!"

Mama Nembo naye akapoa. Mstari wa kwanza ulisema mia ishirini na saba, wa pili hamsini na nne. Kimoja hakingeweza kuwa kweli, lakini kipi? Bibi Sindano akavuta kiti, akaketi, akafumba macho.

"Nisomee tena. Vyote viwili."

"Mia ishirini na saba. Hamsini na tano."

"Ngoja kidogo. Tena."

"Mia ishirini na saba. Hamsini na saba."

"Achana na hicho cha kwanza," akasema bibi. "Wodini tulikuwa na kipimajoto kibovu, zebaki imeganda. Ukikitia kwapani mwa mtoto mzima, arobaini. Ukikitia kwenye bilauri ya maji baridi, arobaini. Daktari mmoja mgeni karibu atibu wodi nzima kwa sababu yake. Hicho hakijaunganishwa na kitu. Mtazame huyo anayepanda."

Mama Nembo akatafuta barazani, na kweli: tundu la kihisi lisilo na kihisi huandika namba ya uongo, siku zote ile ile. Akamgeukia mkwewe akamtazama kwa muda. Waliishi nyumba moja miaka mingi, wakagombana juu ya chumvi na juu ya mapazia, na hakuwa amewahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile.

*

Tangu hapo nyumba ikawa wodi. Mama Nembo akiwa kwenye cherehani, bibi kitandani kwake chumba cha pili, ukuta katikati.

"Ngapi?"

"Sitini na nane, mama!"

Cherehani ikaendelea kulia.

"Ngapi?"

"Themanini na moja!"

"Inapanda vibaya. Ngapi sasa?"

"Tisini na — " Puu! Jogoo mwingine akakosa kichwa.

"Hii ni homa," bibi akatoa hukumu. "Si umeme, si bodi. Inajizima isije ikaungua. Tuishushe."

Wakaishusha kwa kila walichojua. Fundi Bomba alileta pampu yake ya kusukumia mabomba yaliyoziba, akapuliza vumbi lililokuwa ndani hadi wote wakapiga chafya. Wakaazima feni ya jirani, wakaielekeza kwenye kompyuta. Na kila walipomaliza, Bibi Sindano aliichukua nguo yake, akaivisha kompyuta taratibu, akaivuta pembe zikae sawa, kwa vile vidole vyake visivyokunjika. Na namba zikapanda vile vile. Ijumaa jioni kikapu kilijaa, na Mama Nembo alianza kutafuta ile sare yake ya kiwandani, hakumwambia mtu.

Jumamosi ikaja. Bibi akafua, kama alivyofua kila Jumamosi, siku ya kubadilisha mashuka tangu enzi za wodi. Fundi Bomba akavuta kiti karibu na kompyuta, akakunja mikono, akaitolea macho.

"Ngapi?" ikaja sauti kutoka uani.

"Arobaini na sita, mama."

"Ngapi?"

"Arobaini na saba!"

Majogoo wakatoka wazima, vichwa na vilemba vyekundu, mmoja baada ya mwingine. Fundi Bomba akashindwa kujizuia. "Si niliwaambia? Inaniogopa! Arobaini na saba, imenyong'onyea kabisa!"

Mama Nembo akacheka, akachukua rundo la sweta zilizokwisha, akatoka kuzianika hewani zitoke mikunjo. Uani, kwenye kamba, nguo ya kompyuta ilikuwa inadondosha maji. Maua ya buluu huku, bitana ya blanketi kule. Roho ikamruka. Dukani kwa fundi: aliivua. Jumamosi zote: imefuliwa. Akabaki amesimama na sweta mikononi.

Mita chache tu kutoka pale, bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakausha vidole vyake kimoja kimoja kwa kanga. "Inakauka vizuri," akasema. "Kesho nitaipiga pasi."

"Ndiyo, mama," akajibu Mama Nembo, akaanza kuzianika sweta.

*

Jumapili nguo ilirudi mwilini, imepigwa pasi. Sweta zilizobaki zilikuwa bado nyingi. Mama Nembo akasubiri ndara za bibi zielekee chumbani, akaivua ile nguo haraka, akaificha mapajani chini ya sweta, akaendelea. Ndara zikisikika zinarudi, anaivisha. Zikiondoka, anavua. Jasho lilimtoka mtu, si mashine.

"Ngapi?"

"Arobaini na nane, mama!"

Kitanda kikalia chumba cha pili. "Na mwanangu si ametoka?"

"Ametoka kwenda kwa rafiki yake."

Ndara zikaja, safari hii mbio. Mama Nembo akawahi kuivisha, pumzi juu. Bibi akasimama mlangoni, akaitazama kompyuta. Maua ya buluu yalikuwa yametazama ukutani. Mbele ulikuwa umekaa mpasuo wa nyaya. Akasogea, akaweka juu ya ile nguo nyuma ya kiganja chake, pale ambapo wauguzi wanagusa mapaji ya nyuso. Cherehani ilikuwa inatarizi, kompyuta inanguruma, na nguo ilikuwa baridi.

"Nguo hii haijavaliwa," akasema.

"Mama..."

"Tangu lini umejua?"

"Jana. Nisamehe, mama. Niliogopa kukuumiza. Najua ulivyoifuma, vidole vyako..."

"Mkwe wangu, mimi nimewaambia wazazi mambo ambayo hupaswi kumwambia mtu. Nimeyasema nimesimama, nikawashika mikono, nikarudi kazini. Wewe umeogopa kuniambia habari ya kitambaa? Kesho urudi kwenye meza ya kukata nyuzi, kwa sababu yangu, na mimi nisijue?"

Mama Nembo akainamisha uso. Bibi akaivua ile nguo mwenyewe, akaigeuza, akaishika bitana kati ya vidole viwili. Uso wake ukaanza kubadilika.

"Blanketi," akasema polepole. "Unajua kitu gani kilinigombanisha na kinamama pale wodini, maisha yangu yote? Mtoto anawaka moto, wao wamemfunga blanketi juu ya blanketi. Nilikuwa nawapokonya! Nilikuwa napiga kelele mpaka wodi ya wanaume inasikia: 'Mwenye homa hafunikwi! Mnataka kumwivisha?'" Akaketi, nguo mapajani. "Na siku nzima nalala pale, nauliza ngapi, ngapi, nikiambiwa tisini nasikitika. Kumbe mwenye blanketi ni mimi."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, kisha haikuwa kicheko tena, na Mama Nembo akaiacha cherehani ikimtarizi jogoo peke yake, akaja kupiga magoti, akamkumbatia. Hivyo ndivyo Fundi Bomba alivyowakuta, akasimama mlangoni.

"Imekufa?"

"Nzima," mkewe akafuta macho. "Ilikuwa na joto la nguo. Jumamosi mama anaifua."

Mwanamume akafikiri. Ungeyaona mawazo yakimpita usoni, moja moja. "Kwa hiyo... haikuwa inaniogopa?"

"Hata haikujui, mwanangu," akasema mama yake, akipenga kamasi. "Kaa hapo ukunje sweta."

*

Mwalimu mkuu alifika jua likikaribia kuzama. Alilishika sweta moja, akalipeleka dirishani, akamsugua jogoo kilemba kwa kidole gumba, akachukua la pili, akaacha kukagua. "Muhula ujao kuna na kofia," akasema, na Fundi Bomba akambebea mzigo hadi nje.

Mama Nembo akaizima kompyuta, kwa mkono wake safari hii. Bibi Sindano hakuwa ameondoka chumbani.

"Ngapi?"

"Nimeizima, mama. Haisomi tena."

Bibi akainuka. Akaweka nyuma ya kiganja chake juu ya bati, akangoja, akasogeza upande, akangoja tena, kama alivyongoja maelfu ya mara kwenye mapaji ya nyuso za watoto wa watu. Kisha akaokota nguo yake, akaikung'uta, akampa mkwewe.

"Homa imeshuka. Mfunike alale. Na kesho, kabla hata hujanisalimia, mvue."